Ubalozi wamekula hela ya viza ya bimkubwa, sababu ni tiki kwenye kiboksi. Serikali yetu hili inalionaje?

Wakuu habari. Uzi ni mrefu na nimeandika nikiwa na hasira, asiyetaka kusoma apite tu, ila najua humu tuko wengi tumefanyiwa huu mchezo tukanyamaza kwa aibu.

Bimkubwa, mama yangu mzazi, kanyimwa viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Ubalozi siutaji wala nchi siitaji, mdogo wangu anaishi huko na sitaki kumletea shida. Huyo mdogo wangu wa kike ndo alikuwa anajifungua, mtoto wa kwanza, mumewe kutwa yuko kazini, akamwomba mama aende akamtunze mpaka arobaini ipite. Kwetu hilo jambo halihitaji hata maelezo, mzazi anakandwa maji ya moto na mama yake, anapikiwa uji wa pilipili manga na mama yake, safari nzima ilikuwa hiyo. Dogo kasaini fomu ya udhamini manispaa ya kule, kaweka na karatasi zake za mshahara, kasema chakula malazi matibabu vyote juu yangu. Jibu lililokuja ni karatasi ya viboksi, kimoja kimewekwa tiki kwamba kuna mashaka kama muombaji ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Basi. Hayo mashaka yametoka wapi, wameona nini, hakuna hata mstari mmoja.

Na hela hairudi.

Hii ada ilikuwa euro 60, Februari 2020 wakapandisha ikawa 80, Juni 2024 wakapandisha tena ikawa 90. Kwa hela yetu ni zaidi ya laki mbili na nusu, na hapo hujagusa ada ya kile kituo kinachopokea makaratasi kwa niaba ya ubalozi, hujagusa bima ya safari ambayo lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, hujagusa kutafsiri vyeti, mihuri ya wakili, nauli ya Muheza mpaka Dar na pa kulala. Sheria yao ya viza ya 2009 inasema wazi kwamba ukikataliwa ada ndo imeenda. Mimi sibishi kwamba kuna kazi imefanyika, kuna mtu kasoma fomu na kuna mtu kachukua alama za vidole, sawa, kateni gharama ya hiyo kazi inayobaki mrudishie mtu. Haiwezekani aliyepewa huduma na aliyenyimwa wote mnawachaji sawasawa.

Sasa twende kwenye kipato maana hapa ndo penye uchungu wangu wote. Wanataka steitimenti ya benki. Mama yangu ana shamba la michungwa na minazi Muheza, na watu wa Muheza mnajua biashara ya machungwa inavyokwenda, mnunuzi anakuja na lori, wengine wanatoka Kenya, mnapatana bei hapo hapo shambani, hela anakupa mkononi au anakurushia kwenye simu. Hiyo hela haiendi benki hata siku moja. Inaingia M-Pesa, nyingine inanunua hisa za kikoba, nyingine inanunua ng'ombe, nyingine ada za wajukuu. Akiba yake iko kwenye kikoba na wanachama wenzake wanaijua mpaka shilingi ya mwisho, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, kila Jumapili hesabu inasomwa mbele ya watu. Tulipeleka barua ya kikoba yenye muhuri na sahihi za viongozi, tukapeleka miamala ya M-Pesa ya miezi sita imeprintiwa yote, tukapeleka barua ya mtendaji wa kijiji kwamba shamba ni lake, maana hati hana, ni shamba alilorithi kwa marehemu baba na vijijini mashamba mengi ndo yako hivyo. Yule dada wa dirishani akazigeuza geuza zile karatasi akazirudisha chini ya kioo, akauliza steitimenti ya benki iko wapi. Ya benki ipo, akaunti ya siku nyingi ambayo haiguswi, ina kilaki na kitu. Wakachukua hiyo ndo iwe picha ya maisha yake.

Na tungemwekea milioni kumi wiki moja kabla wangesema hela imepachikwa, chanzo hakijulikani. Sasa mtu wa namna hii afanyeje? Haya masharti yametungwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara na barua ya mwajiri, wakati Watanzania wengi ni wakulima, wavuvi na wachuuzi. Ukisema hao wote hawana uthibitisho wa kipato, maana yake umeshawakataa kabla hawajajaza fomu, ila hela yao unaipokea.

Kwenye mahojiano aliingia peke yake mimi nikaambiwa nisubiri nje. Anavyosimulia, aliulizwa ana sababu gani ya kurudi Tanzania. Mama akamjibu, "Mie n'na michungwa yangu mwanangu, na msimu ndo huo waja, nikae huko n'nafanya nini?" Afisa akaandika kitu akarukia swali lingine. Huyu ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, ana nyumba yake, mumewe kazikwa nyuma ya hiyo nyumba, ndiye mwenyekiti wa kikoba, watoto wake wengine wote wako hapa, lugha ya kule haijui hata salamu. Kama huyu naye hana sababu ya kurudi, ni Mtanzania gani anayo?

Kinachonikera zaidi ni kwamba haiishii hapo. Kukataliwa kunaingia kwenye mfumo wao wa pamoja wa kumbukumbu za viza, unaitwa VIS, kunaweza kukaa humo mpaka miaka 5, na nchi zote 29 za Schengen zinakuona. Akiomba tena hata kwa nchi nyingine ataulizwa kwanza ulikataliwa kwa nini, na yeye mwenyewe hajaambiwa kwa nini. Rufaa ipo kisheria, ndiyo, lakini unakata kwa sheria za nchi iliyokunyima, kwa lugha yao, mara nyingi na wakili wa kwao. Ujerumani kwa mfano zamani ulikuwa unaandika barua ubalozini waangalie upya bila kulipa chochote, tangu tarehe 1 Julai 2025 wamefuta hiyo, sasa ni uombe upya ulipe upya au uende mahakamani Berlin. Mkulima wa Muheza aende mahakamani Berlin!

Halafu kuna miadi. Ukiingia kwenye tovuti nafasi hakuna, mwezi huu hakuna, ujao hakuna, lakini kuna jamaa wako WhatsApp wanakuuzia nafasi ya wiki ijayo kama wanauza tiketi ya basi. Wanazitoa wapi? Sheria inasema unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, na jibu litoke ndani ya siku 15, wakitaka wanavuta mpaka 45. Muda wote wa hesabu hizo mimba haisubiri, na mjukuu ameshazaliwa, arobaini imepita, dogo kajikanda mwenyewe bafuni huku anaongea na mama kwa video.

Na hapa nyumbani nako msijifiche. Paspoti ni 150,000 kwa miaka 10, kwenye bei sina ugomvi. Ugomvi wangu ni vyeti. Mtu aliyezaliwa kijijini enzi zile, kwa mkunga wa jadi, cheti cha kuzaliwa anakitafutia ukubwani, mara RITA wanaosajili vizazi, mara kiapo, wakili, mashahidi ambao wengine wameshafariki. Kwenye kitambulisho cha NIDA karani aliandika Fatma, cheti cha ndoa kinasema Fatuma, basi kwa herufi moja ambayo hakuiandika yeye mama ndo anazungushwa ofisi hii na ile kuapa kwamba Fatma na Fatuma ni yeye huyo huyo. Kila bajeti tunaambiwa mifumo inasomana. Inasomana wapi wakati mwananchi ndo anabeba bahasha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine?

Sasa geuza upande wa pili. Raia wa nchi hiyo hiyo iliyomnyima mama anaomba viza yetu mtandaoni au anashuka uwanja wa ndege, JNIA pale Dar, KIA kule Kilimanjaro au Zanzibar, analipa dola 50 dirishani, anagongewa, jioni yuko Nungwi. Hakuna anayemuuliza steitimenti wala atarudi kwao kwa sababu gani. Sisemi watalii wasumbuliwe, watu wanakula kupitia wao na mimi mwenyewe nina ndugu wanaendesha magari ya wageni. Ninachosema ni kwamba tukitaka kudai tunajua kudai. Mmarekani hapa analipa dola 100, halipi 50 ya wengine. Zanzibar tangu Oktoba 2024 mgeni lazima akate bima ya dola 44 na wanakata. Na hao Ulaya wenyewe viza kwao ni kitu cha mezani, Aprili 2024 walipoona Ethiopia haishirikiani kuwapokea raia wake wanaorudishwa, wakaibana, muda wa kushughulikia viza ukatoka siku 15 ukawa 45. Kwa hiyo wao wanaweza kubana nchi nzima kwa viza, sisi Wizara ya Mambo ya Nje hata kuuliza hela za wananchi wetu waliokataliwa zinakwenda wapi tunaona tunavunja urafiki? Wabunge mnasafiri kwa paspoti za kazi au za kidiplomasia, hii foleni hamuijui, lakini wapiga kura wenu wamejaa humo. Ulizeni basi ni Watanzania wangapi wananyimwa kwa mwaka na wameacha kiasi gani, na mkae na hao mabalozi wakubali miamala ya simu na barua za vikoba kama kipato halali, maana ndo uchumi wetu ulivyo.

Najua watakuja wale wa "ndugu zetu wenyewe ndo wanaharibu, wakifika hawarudi". Wapo, sikatai. Aliyezamia ana jina lake na alama zake za vidole ziko kwenye mfumo, mshughulikieni yeye. Mama yangu hajawahi kukiuka sheria ya nchi yoyote, kaingia mlango wa mbele, kalipa, kasema ukweli. Na wale wa "kwani lazima kwenda Ulaya", nawaomba msubiri binti yako ajifungue ugenini hana mtu ndo uje uniambie.

Tunajipanga kukata rufaa na muda wake si mrefu. Naomba aliyewahi kushinda rufaa au kupata viza mara ya pili kwa mzazi asiye na mshahara aeleze hapa hapa hadharani: mlipeleka karatasi gani kuthibitisha shamba, barua ya mtendaji ilitosha au mlitafuta hati ya kimila, na miamala ya simu mliigonga muhuri wapi mpaka ikakubalika. Kama kuna mwanasheria humu anayejua namna ya kuwalazimisha waandike sababu kamili badala ya tiki, naomba mwongozo wako sana. Na nyie wa "nina mtu wangu ubalozini" msinifuate PM, nitaziweka meseji zenu hapa.