Riwaya ya mauaji ya kisiasa: Mondlane, Mboya au Karume? Nisaidieni kuchagua

KalamuYaUsiku

Wakuu, salaam. Nina mswada ulionikalia shingoni mwaka wa pili sasa. Nataka kuandika mauaji ya kisiasa yaliyotokea kweli hapa Afrika Mashariki, halafu nipenyeze ndani yake mtu wangu wa kubuni ambaye msomaji atamfuata toka ukurasa wa kwanza. Sitaki rais wa nchi ya kufikirika yenye jina la kuchekesha, hizo tumezisoma tukachoka. Nimechuja nimebaki na matukio matatu.

Mondlane. Dar es Salaam, Jumatatu 3 Februari 1969. Rais wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, anachukua barua zake ofisini, anakwenda nyumbani kwa rafiki Oysterbay, anafungua kifurushi. Ndani kuna kitabu, na ndani ya kitabu kuna bomu. Mtu wangu ni mpanga barua wa posta.

Mboya. Nairobi, Jumamosi 5 Julai 1969, mchana. Anatoka duka la dawa la Chhani, Government Road, anapigwa risasi. Mtu wangu ni fundi saa mwenye kibanda ng'ambo ya barabara.

Karume. Unguja, Ijumaa 7 Aprili 1972, jioni. Rais wa Zanzibar yuko makao makuu ya chama chake, ASP, Kisiwandui, bao limewekwa. Mtu wangu ni kijana aliyekuja kutazama bao.

Nimeandika kurasa kumi kumi za kila moja. Zote zinaanza vizuri na zote zinafia pale pale: msomaji anajua nani atakufa. Taharuki naitoa wapi? Nikosoeni bila huruma, ila asiniambie mtu niandike mapenzi.

MlinziWaZamu

Mimi wa Nairobi, kwa hivyo upendeleo wangu usiuulize. Mboya.

Nahashon Njenga alihukumiwa Septemba, akanyongwa Novemba mwaka uo huo. Kutoka risasi hadi kitanzi, miezi minne. Na katikati pana lile swali ambalo inasemekana aliwauliza polisi: mbona hamumfuati mkubwa? Mkubwa yupi? Ukikaa na wazee wawili leo utapata majibu matatu. Taharuki yako iko hapo, wala si kwenye risasi. Risasi imalize ukurasa wa ishirini, kisha kitabu kizima kiwe mbio dhidi ya kile kitanzi, maana akishanyongwa, jibu limekwenda naye.

Halafu una nchi nzima nyuma yake. Mboya ana miaka 38, waziri wa mipango ya uchumi, katibu mkuu wa chama tawala cha KANU, ndiye aliyepeleka vijana kusoma Marekani kwa ndege. Oktoba Kisumu kunawaka siku Kenyatta anafungua hospitali, na chama cha upinzani cha KPU kinapigwa marufuku. Utataka nini tena?

BintiKitabu

Nimehariri miswada ya aina hii kadhaa, nitasema nilichokiona. Kaka Kalamu, watu wako watatu wanatazama tu. Fundi saa anatazama, kijana wa bao anatazama. Mtu wa kutazama ni dirisha, na dirisha halina cha kupoteza. Usiulize tukio lipi ni kubwa zaidi, yote makubwa. Uliza mkono wa mtu wako unaligusa tukio wapi.

Kwa kipimo hicho mpanga barua amewaacha wenzake mbali. Kile kifurushi kimepita kiganjani mwake! Alikipima, akahisi ni kizito kwa kitabu cha ukubwa ule, akakitupa kwenye kishubaka cha FRELIMO kwa sababu zamu ilikuwa inaisha na mkewe anamsubiri. Jumatatu jioni anasikia redioni. Kuanzia hapo huyo mtu halali, na mimi msomaji silali.

Na kuna kitu ambacho naona hukukitumia kabisa. Mondlane hakuwa peke yake. Vifurushi vya aina ile ile vilivyoelekezwa kwa viongozi wengine wa FRELIMO viligunduliwa kabla havijafunguliwa. Kwa hiyo msomaji anajua cha kwanza kitalipuka, sawa. Cha pili je? Kiko kwenye gunia lipi? Umelalamika huna taharuki na huku umeikalia.

MlinziWaZamu

Dada Binti, dirisha umelipenda, lakini fundi saa anaokoka kirahisi. Ijumaa tarehe 4 mteja ameacha saa ya mkono, akasema ataipitia kesho mchana. Hakuja. Barabara nzima watu wanabishana risasi zililia saa ngapi, yeye peke yake ndiye anayejua kwa dakika, na droo yake ina saa isiyo na mwenyewe, nyuma imechongwa herufi mbili. Huyo sasa ana cha kupoteza?

BintiKitabu

Haya, hilo nimelipenda. Nakurudishia nusu ya maneno yangu.

MwanaUnguja

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Ng'ambo, Kisiwandui nimepita kwa miguu toka udogo. Naona Karume ametajwa kisha akaachwa kama mgeni aliyesahauliwa barazani.

Kwanza, sheikh, kijana wako "anayetazama bao" kwenye zile kurasa ulizonitumia faraghani amekaa kimya. Kwetu mtazamaji wa bao hanyamazi hata ukimlipa. Atakwambia takata, yaani cheza bila kula, atakwambia nyumba hiyo, lile shimo kubwa, inalika, atamcheka anayefungwa. Na mchezo wenyewe umeuandika kama karata. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu na zake 32. Hatua ya mwanzo, ya namua, kete zimo mkononi, unaingiza moja moja. Ukitaka kunitisha mie, usinieleze mlango ulivyofunguliwa. Nioneshe mkono uliokwisha kunyanyuka na kete moja imebanwa baina ya vidole, haijatiwa shimoni. Kisha nioneshe kijana huyo usiku ule anaikuta ile kete mfukoni mwake na hajui ilifikaje.

La pili ni zito. Luteni Hamoud aliyefyatua hakutoka hai mahali pale, kwa hiyo siri ya nani alimtuma, kama alitumwa, ilianza kutafutwa kwa walio hai. Kesi ya uhaini ikaja, na Abdulrahman Babu, waziri wa zamani, akahukumiwa kufa huku mwenyewe hayupo kizimbani, kafungwa bara, na Nyerere akakataa kumrudisha visiwani. Alitoka 1978. Hiyo ni riwaya ndani ya riwaya: mtu kahukumiwa kifo upande mmoja wa maji, na kinachomweka hai ni jela ya upande wa pili.

Lakini nakwambia kama ndugu. Kisiwa kidogo. Mjukuu wa aliyeshitakiwa na mjukuu wa aliyeshitaki wanasalia msikiti mmoja, wengine wameoana. Ukiliandika hili liandike uwe umekaa huku miezi, umenywa kahawa na watu. La sivyo liwache.

KalamuYaUsiku

Shukrani MwanaUnguja, kwenye bao nimeumbuka na nimekubali. Nilijifunza kwa kusoma, si kwa kucheza.

Swali linaloninyima usingizi: majina. Karume, Mboya, Mondlane nitawaita kwa majina yao. Hao wengine je? Wapelelezi, madereva, walioshitakiwa wakaachiwa?

WakiliKivuli

Kwa ufupi, maana siko kazini. Mimi huwaambia waandishi kanuni moja: jambo lililo kwenye rekodi lifanywe na mtu wa kwenye rekodi, kwa jina lake. Jambo ulilolibuni, hasa likiwa baya, alifanye mtu uliyembuni. Ukitaka ofisa wa usalama apokee bahasha, mpe jina lako, cheo chako, hata kilema chako, asifanane na yeyote aliyekalia kiti kile mwaka ule. Kosa ninaloliona ni mwandishi kubadilisha herufi mbili za jina la mtu halisi akadhani amejificha. Hujajificha, umeonesha tu kwamba ulijua.

Na usiweke onyo la "wahusika wote ni wa kubuni" kwenye kitabu chenye Jomo Kenyatta ndani. Watu watacheka.

Tumbili_Mtaani

Mbona mnazunguka matatu tu? Pio Gama Pinto, Nairobi, 24 Februari 1965, amepigwa risasi kwenye gari akitoka kwake, bintiye mdogo yumo humo ndani. Kisilu Mutua akafungwa kwa kesi hiyo, miaka yote akisema si yeye, akaachiwa 2001. Miaka 36! Au Rwagasore wa Burundi: waziri mkuu anauawa Oktoba 1961, Mgiriki aliyempiga risasi ananyongwa 30 Juni 1962, kesho yake nchi inapata uhuru. Hiyo tarehe peke yake ni sura ya mwisho.

BintiKitabu

Rwagasore ni hazina, ila Kalamu hajui Kirundi wala hajawahi kufika Bujumbura. Tutampeleka kwenye shimo lile lile la bao. Kisilu Mutua ndiye aliyenichoma moyo, lakini yule ni mtu halisi aliyekwisha kusimulia maisha yake kwa mdomo wake. Mwandishi wa kubuni akiingia mle anamwibia mara ya pili.

MzeeWaIlala

Vijana, nawasoma tangu jana. Mwaka 1969 nilikuwa darasa la sita hapa Dar. Nakumbuka baada ya ile Jumatatu baba alikataza mtu yeyote kufungua kitu chochote kilichoandikwa jina lake mpaka yeye arudi. Hatukuwa watu wa kuletewa vifurushi! Barua ya shangazi kutoka Tanga ilikaa juu ya kabati siku mbili. Mambo hayo madogo ndiyo yanayoonesha mji ulivyoshtuka, kuliko kunieleza moshi ulikuwa na rangi gani.

Jambo la pili. Mnaandika kana kwamba adui alikuwa Mreno peke yake. Bomu linaelekea kwa Mreno, ndiyo, wapelelezi walizifuata betri zake mpaka duka moja la Lourenço Marques, Maputo ya leo. Lakini nyumbani nako kulikuwa kunatokota. Mwaka 1968 wanafunzi waligoma pale taasisi ya FRELIMO, ofisi yao ilivamiwa mwezi Mei, na baada ya mauaji Nkavandame, kiongozi wao wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, akavuka kwenda kwa Wareno. Mpanga barua wako akianza kuulizauliza, Mreno yuko mbali ng'ambo ya Ruvuma, lakini mtu wa karibu aliyeijua ratiba ya barua yuko mtaa wa pili. Amwogope huyo.

MlinziWaZamu

Mzee, shikamoo. Kwa hizo betri nimeanza kuyumba, na mimi ndiye nilikuja hapa na Mboya wangu mkononi. Betri ni kitu unachoweza kukishika. Kwa Mboya nina swali kubwa lakini kila nikilifuata naishia kwenye uvumi. Kwa Mondlane mpelelezi ana kitu mezani: nani aliuza, nani alinunua. Kalamu ukiacha saa yangu ya herufi mbili, naichukua mwenyewe.

KalamuYaUsiku

Mzee, shikamoo. Mlinzi, chukua saa.

Nimekata shauri, ni Mondlane. Karume namwachia MwanaUnguja, ambaye naona anajifanya hataki kuandika. Nimebadili mpango: mlipuko unatokea ukurasa wa tisa, sauti yake anaisikia mtu mwingine kabisa. Mpanga barua hamjui Mondlane, hajawahi kumwona. Anachokijua ni uzito. Kila usiku anavipima vitabu vya mwanawe wa shule kwa kiganja, kimoja kimoja, ajue kama alikosea. Halafu wiki ya pili linakuja gunia, na ndani yake kuna kifurushi chenye uzito ule ule.

Mwanzo wenyewe huu hapa, nauweka uchi:

"Saa kumi na moja kasoro Idrisa alijua kwamba kifurushi hakikuwa na haki ya kuwa kizito kiasi kile. Alikigeuza. Kamba ilikuwa imefungwa na mtu mwenye subira. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati, pale kifuani palipodariziwa Posta ya Tanzania, akatazama saa ya ukutani, akakitupa kwenye kishubaka."

BintiKitabu

"Mtu mwenye subira." Hapo nimesimama. Usiiguse sentensi hiyo hata nikikuambia mimi mwenyewe.

MwanaUnguja

Nani kakwambia najifanya?

MzeeWaIlala

Umeanza vema, mwanangu. Ila hilo shati lifumuliwe uzi. Mwaka 1969 Tanzania haikuwa na posta yake. Lilikuwa shirika moja la Afrika Mashariki la nchi tatu, makao makuu Kampala, na stempu zilikuwa na majina yote matatu, Kenya, Uganda, Tanzania. Ya kwetu peke yetu ilikuja jumuiya ilipovunjika 1977. Na usikitoe haraka kile kipande cha stempu: kama Idrisa ni mtu wa posta kweli, kabla hajapima uzito, jicho lake lilianza hapo.