Boma la zahanati limefika lenta: fedha za kumalizia zinaombwaje halmashauri?

Mwana wa Milimani

Kamwene wakuu. Kijiji chetu kiko upande wa milimani, Mkoa wa Iringa. Boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijaisha, limesimama kwa nguvu za wananchi: matofali ya kuchoma, mawe, mchanga na maji ni vya kijiji, saruji na nondo ni michango ya kaya. Sasa limefika lenta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha. Tukiuliza juu tunajibiwa "lipo kwenye mpango". Mpango upi huo? Fedha za kuezeka hadi kufungua zinatoka mfuko gani, na kijiji kiwe na karatasi zipi mkononi? Naomba hatua kwa hatua, siasa tuweke pembeni.

Mchumi wa Nyanda

Mkuu, mipango iko miwili. Upo mpango mkakati wa miaka 5, humo kila kijiji kina zahanati. Halafu ipo bajeti ya mwaka iliyoingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa kupanga bajeti. Fedha hufuata bajeti tu. Mradi usio na kasma (fungu lake la fedha) humo haulipiki, hata mkurugenzi aupende vipi. Kwa hiyo ofisini ulizeni hivi: upo kwenye bajeti ya mwaka gani, shilingi ngapi, chanzo kipi? Asiyeweza kujibu yote matatu, jueni haumo.

Njia yenyewe: mkutano mkuu wa kijiji unapitisha kipaumbele (muhtasari uwe na mahudhurio, sahihi na mhuri), kamati ya maendeleo ya kata inakipokea, wataalamu wa halmashauri wanakichambua, kinapita kamati za kudumu ikiwemo ya fedha, kisha baraza la madiwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini halmashauri nyingi hufunga makadirio Januari au Februari ili yaende mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na hatimaye bungeni. Muhtasari unaofika Machi unasubiri mwaka mwingine. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Ule wa Septemba au Oktoba ndio wa kupeleka boma, msiutumie kujadili mbuzi waliokula mahindi.

Vyanzo:

Ruzuku ya serikali kuu. Miaka ya karibuni kumalizia boma la zahanati kumekuwa kukiletewa shilingi milioni 50. Ni kiwango kimoja, awe mtu yuko kando ya lami au milimani ambako lori la saruji linakwama masika.

Mapato ya ndani. Hapa matumaini yawe ya kiasi. Asilimia 10 ni ya mikopo kwa sheria: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sehemu ya kwenda miradi inaelekezwa na mwongozo wa bajeti, kutegemea uwezo wa halmashauri. Uwezo huo kwa kanda yetu ni mbao, chai, viazi na mahindi, yaani hupanda na kushuka na msimu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa hadi asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri ukasamehewa. Matokeo yake mnayaona barabarani: mzigo wa lori moja unagawanywa kwenye magari madogo.

Mfuko wa Jimbo. Upo kwa sheria ya 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge. Hautoshi kumaliza jengo, ila ni mzuri kwa mabati na mbao. Ombeni kitu kimoja chenye idadi, msiombe "msaada wa zahanati".

Kenchi na Bati

Naongezea upande wa jengo. Kabla ya karatasi yoyote, mhandisi wa halmashauri aje alikague na aandike ripoti. Maboma mengi hukwama kwa sababu ramani ilichorwa kijijini: vyumba vyembamba, mlango usiopitisha machela, chumba cha kujifungulia hakipo. Mengine yamejengwa kwa udongo badala ya saruji, mvua za Novemba hadi Aprili zikayala kwa juu. Wakati mnasubiri, funikeni kichwa cha ukuta kwa kozi ya saruji na maturubai.

Milioni 50 ikija kwa utaratibu wa force account (kujenga wenyewe kwa mafundi, bila mkandarasi), kijiji kinaunda kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Mtu mmoja asikae mbili. Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni, kwa hiyo duka la jirani lisilosajiliwa humo halitauza hata bati moja; mhimizeni mwenye duka ajisajili mapema. Fundi alipwe kwa hatua iliyokaguliwa (kenchi, bati, plasta), kamwe msimlipe kwa siku. Na kwenye makadirio kagueni kama choo, kichomea taka na shimo la kondo vimo. Hivyo ndivyo husahaulika, na bila hivyo jengo halifunguliwi.

Fedha ikiingia Mei, harakisheni: salio la Juni 30 linaweza kurudi Hazina lisipoombewa kibali.

Dirisha la Dawa

Jengo likiisha kazi ni nusu. Mganga mkuu wa wilaya aanze usajili wa kituo mnapopaka rangi, asisubiri uzinduzi. Bila namba ya usajili hakuna akaunti MSD (Bohari ya Dawa), na bila akaunti hakuna mgao wa dawa. Wala mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, hawezi kuwauzia zile zinazokosekana MSD. Fungueni pia akaunti ya benki ya kituo. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya (ule wa wafadhili) zinaingia moja kwa moja kituoni, na kamati ya kituo ndiyo inayopanga matumizi.

Watumishi: halmashauri haiajiri kwa matakwa yake, inasubiri kibali. Lenye kasi ni kuhamisha mhudumu kutoka kituo chenye wengi. Atakuja haraka zaidi kama nyumba ipo.

Mwana wa Milimani

Ahsanteni sana wakuu. Kiwanja alitoa mzee mmoja kwa mdomo tu, na michango iliandikwa kwenye daftari. Ni tatizo?

Mchumi wa Nyanda

Vyote viwili. Mzee na familia yake wasaini hati ya kutoa ardhi mbele ya halmashauri ya kijiji, halafu mkutano mkuu uipokee. Wajukuu ndio hudai baadaye. Michango ikatiwe stakabadhi za serikali, na nguvu kazi ithaminishwe kwa shilingi: tripu za mawe, tofali, siku za kazi. Jumla hiyo iingie kwenye andiko la kuomba fedha kama mchango wa jamii. Boma lenye thamani iliyoandikwa linashindana vizuri na maboma mengine kwenye foleni. Daftari msilitupe, mkaguzi wa ndani ataliuliza.