Samoni wanaruka mbele ya gati la Grand Haven na hawagusi chambo: nifunge nini?

MwanaTanganyika (Grand Rapids, Michigan)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuvua samoni kwa kukokota chambo kwenye Ziwa Michigan au maziwa mengine makubwa ya huku.

Mimi nimekulia Uvira. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa taa. Tulikuwa tunatoka jioni kutafuta ndagala na migebuka, tunarudi kukipambazuka. Kwa hiyo siogopi maji wala usiku. Lakini uvuvi huu wa fimbo na chambo cha plastiki nyuma ya boti umenishinda. Shemeji yangu alinunua boti ya aluminiamu ya futi 18, na mwaka jana tulitoka mara nne kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Mara zote nne tulirudi na ndoo kavu.

Kinachoniuma ni kwamba samaki wapo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua bado, unawaona wanaruka karibu na mnara mwekundu wa taa, samaki wa urefu wa mkono mzima, wanaanguka na kishindo kama mtu ametupa tofali majini. Tunapita juu yao, kipimo cha kina kinawaonyesha chini yetu, na fimbo hazitikisiki.

Tulichofunga: mshipi wa kusuka wa pauni 30, kile kisahani cha kuzamisha mshipi (Dipsy Diver namba 1) kikiwa kwenye alama ya 1, nyuma yake flasha (bamba linalozunguka na kumetameta) na kinyoya (chambo cha nyuzi). Nilishauriwa hivyo dukani. Mara mbili kisahani kililima mchanga, maana pale kina ni futi 18 mpaka 25 tu. Mara moja kiliingia kwenye mawe ya gati, mshipi ukakatika, vyote vikaenda. Na siku ya mwisho mshipi wetu ulinasana na wa baba mmoja aliyekuwa anarusha kutoka gatini. Alitukemea na alikuwa na haki.

Wiki hii ni ya tatu ya Agosti, wataanza kusogea tena. Nawaombeni mnieleze: mbele ya gati nifunge chambo gani, na kisahani nikitumie vipi, au nikiache kabisa?

---

MtuWaKilifi (Muskegon, Michigan)

Karibu sana kaka, na pole kwa hizo safari nne. Nipo kaskazini yako kidogo, mwaka wa saba sasa navua haya maji.

Kosa lenu si mikono, ni kwamba mlikuwa mnamwandalia chakula samaki ambaye hali. Samoni mkubwa, huyu Chinook wanayemwita mfalme, akifika mbele ya gati mwisho wa Agosti amekuja kungoja kupanda mto akataage. Tumbo lake limeanza kusinyaa. Ukimpasua hukuti kitu ndani. Flasha na kinyoya ni chambo cha samaki mwenye njaa, kule nje kwenye futi 80 mpaka 150, Juni na Julai, anapofukuza samaki wadogo wa alewife kama mgebuka anavyofukuza ndagala kwenu. Pale gatini samaki huyu anauma kwa hasira. Kitu kinampitia karibu na uso, kinamkera, anakikamata.

Kwa hiyo unataka chambo kinachomkera. Cha kwanza ni J-Plug, namba 4. Ni kile cha plastiki kinene kilichokatwa kichwa kwa mshazari, mshipi unapita katikati yake. Kinakwenda ovyo ovyo, kinayumba kushoto na kulia, kinatulia kidogo, kinayumba tena. Na samaki akishanasa, plastiki inapanda juu kwenye mshipi, hana kitu kizito cha kujinasulia anapotikisa kichwa. Rangi: kabla ya jua tumia vile vinavyong'aa gizani, kijani au cheupe, uvimulike na tochi kabla ya kuvishusha na tena kila baada ya muda. Jua likitoka, badilisha kwa fedha au rangi ya lulu.

Mwendo wenu ulikuwaje? Kwa flasha watu wanakwenda maili 2.5 kwa saa. Kwa J-Plug mbele ya gati shuka mpaka 2, hata 1.8. Na usiende moja kwa moja. Andika herufi S kubwa juu ya maji. Boti ikikata kona, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo, cha nje kinaongeza mwendo. Mimi samaki wangu wengi wa Septemba wamekamata kwenye kona.

---

BintiUnguja (Mississauga, Kanada)

Salaam kaka. Mie huvulia Ziwa Ontario, mbele ya Port Credit, na habari ni ile ile ya samoni wa Agosti. Naongeza kuhusu kisahani tu, kwa sababu naona watu wengi wanakilaumu kumbe wamekiweka vibaya.

Chini ya kisahani pana bamba linalozunguka, lina alama 0 mpaka 3 kwa kila upande. Kwenye 0 kinazama moja kwa moja chini. Ukienda kwenye 3 kinatoka pembeni ya boti na hakizami sana. Ulikiweka kwenye 1, kwenye futi 18, na mshipi wa kusuka ambao ni mwembamba na hauzuiwi na maji. Lazima kilime mchanga. Kiweke 3, fimbo ya kulia alama ya kulia, ya kushoto alama ya kushoto. Na ile pete ya plastiki inayozunguka ukingo, itoe. Bila pete hakizami sana.

Halafu fanya jambo moja kabla ya msimu, asubuhi moja ya upepo mdogo. Tafuta mahali penye mchanga mtupu, mbali na mawe, kina futi 20 sawasawa. Nenda mwendo wako wa uvuvi, achia mshipi futi 10 kwa 10 ukitazama kaunta ya rili. Kisahani kikigusa chini, ncha ya fimbo itakuambia, inadunda dunda kama kuku anadonoa. Andika namba ya kaunta kwa wino kwenye mpini wa fimbo. Sasa unajua kwa fimbo ile, mshipi ule, mwendo ule, futi 20 ni namba fulani. Mbele ya gati unaachia pungufu ya hapo. Tangu nifanye hivi sijapoteza kisahani hata kimoja kwa mchanga.

Skrubu ya kuachia usiikaze sana. Samaki akivuta, kisahani kinatakiwa kifyatuke kilale bapa, ili upigane na samaki na usipigane na sahani. Na kwa kuwa mshipi wa kusuka hauna mnyumbuko hata kidogo, weka kile kipande cha mpira wa kupunguza mshtuko nyuma ya kisahani, kisha mshipi wa florokaboni wa pauni 25 au 30, urefu wa futi 6 hadi 8. Bila mpira, samoni wa kilo nane akija kwa hasira atakukatia mshipi kabla hujafika kwenye fimbo.

---

MvuviLudington

Dada wa Unguja amesema kweli tupu kuhusu kisahani, lakini mimi natofautiana kidogo. Maji yakiwa chini ya futi 25, kisahani nakiacha nyumbani.

Sababu yangu ni hii. Tangu kome wa quagga wajae, maji ya Ziwa Michigan yamekuwa meupe mno. Kwenye futi 18 samaki anaiona boti, anaisikia, anasogea pembeni. Kisahani hata kwenye 3 hakiendi mbali sana na boti. Mimi natumia vibao vya pembeni, vile vinavyoelea na kuuvuta mshipi mita 20 au 30 nje ya boti, na nyuma yake chambo kinachozama chenyewe: J-Plug, au kisamaki chembamba cha plastiki chenye mdomo mrefu. Hakuna kitu kizito cha kuangukia mawe. Ukilazimika kusimama kupigana na samaki, kisahani cha Dipsy kina risasi ndani, kinakwenda chini na kulala kwenye mawe. Ukipenda sana kuzamisha, tafuta Jet Diver ndogo. Hiyo huelea boti ikisimama.

Ila vibao na watu wa gatini haviendani. Anayerusha kijiko kizito anafika mbali kuliko unavyodhani. Kaa mita mia moja na zaidi kutoka kwenye ncha ya gati, geuka mapema, na usipite katikati ya magati mawili na mishipi nje hata kama samaki wanarukia humo. Wale waliosimama gatini hawana boti, hapo pembeni ndipo pao pekee.

---

MwanaTanganyika

Asanteni sana, nimesoma mara tatu na shemeji naye amesoma. Hilo la samaki kutokula limenifungua. Kwetu Tanganyika taa inamwita ndagala, mgebuka anamfuata ndagala, sisi tunamfuata mgebuka. Kila kitu ni njaa. Sikuwahi kufikiria samaki anayeuma bila njaa.

Pesa yangu ni kidogo msimu huu. Nina fimbo nne, visahani viwili vilivyobaki, vibao sina. Ninunue nini kwanza? Na kuna siku wanaruka wengi, siku nyingine maji ni matupu. Ni kitu gani kinawaleta?

---

MtuWaKilifi

Usinunue vibao mwaka huu. Nunua J-Plug mbili, moja ya kung'aa na moja ya fedha, na kisamaki kimoja cha mdomo mrefu. Fimbo mbili ziende na visahani kwenye 3 kama dada alivyoeleza, mbili ziende nyuma moja kwa moja bila kisahani, mbali, futi 100 na zaidi. Sheria ya Michigan inaruhusu fimbo tatu kwa mtu, lakini boti ya futi 18 mbele ya gati na watu wawili, nne ni nyingi tayari. Ncha za ndoano zinoe. Chambo kipya kutoka dukani mara nyingi hakina makali ya kutosha, na mdomo wa samoni aliyekomaa ni mgumu kama ukucha.

Kinachowaleta ni baridi. Wanapenda maji ya nyuzi 50 hadi 55 za Farenhaiti. Agosti maji ya ufukweni yanaweza kufika 70, hapo wanabaki nje kilindini. Upepo ukivuma kutoka mashariki au kaskazini siku mbili tatu mfululizo, unasukuma maji ya moto ya juu kuelekea Wisconsin, na maji baridi ya chini yanapanda kuziba nafasi upande wetu. Asubuhi inayofuata samoni wako mlangoni. Upepo wa kusini magharibi unafanya kinyume, unarudisha maji ya moto na mawimbi juu yake. Usiangalie kalenda, angalia upepo na ubebe kipimajoto.

Na samaki hawa si wenyeji wa ziwa hili. Coho waliletwa kutoka Pasifiki mwaka 1966, Chinook mwaka uliofuata, baada ya alewife kujaa mpaka wanaoza ufukweni. Bado wana tabia ya bahari, wanangoja mlangoni mwa mto mpaka waridhike. Ndiyo maana gati ni gati.

---

MamaNeema (Kentwood, Michigan)

Wanangu, mimi sivui, mimi napika. Mkipata, msimpe mjamzito wala watoto wadogo bila kusoma mwongozo wa Eat Safe Fish wa idara ya afya ya Michigan. Samoni wakubwa wa ziwa hili wana kemikali za PCB kwenye mafuta. Toa ngozi, kata mafuta yote ya mgongoni, ya tumboni na ule mstari wa rangi ya kahawia ubavuni, kisha choma juu ya waya mafuta yadondoke. Na yule aliyekwisha kuwa mweusi na taya limepinda, nyama yake imelegea, haifai kukaanga. Huyo mkaushe kwa moshi, ndimu na pilipili, utamla na ugali vizuri kabisa. Mwenye rangi ya fedha bado ndiye wa kuchoma.

---

MwanaTanganyika (wiki mbili baadaye)

Ndugu zangu, nimerudi kuwashukuru.

Upepo wa kaskazini ulivuma tangu Jumatano. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa majini, kipimajoto kikasoma 54. Visahani kwenye 3, pete zimetolewa. Nilikuwa nimepima kwenye mchanga wiki moja kabla, fimbo ya kulia iliandikwa 62, nikaachia 45. Mwendo 1.9. Tulipita mara mbili mbali na gati, hakuna kitu. Mara ya tatu shemeji alikata kona kwenda kusini, na fimbo ya nyuma, ile isiyo na kisahani, yenye J-Plug ya kijani, ikapinda mpaka ncha ikaingia majini. Rili ililia muda mrefu sana. Sikukaza breki, nilimwacha aende kama baba alivyonifundisha kwa sangala, nikawa nazungusha anapochoka tu. Aliruka mara moja, na kweli ile plastiki ilikuwa imepanda juu kwenye mshipi kama kaka wa Muskegon alivyosema, ndoano peke yake kwenye pembe ya mdomo.

Pauni 17. Bado ana fedha tumboni, mgongo umeanza kuwa wa shaba. Wa pili alikuja kwenye kisahani cha kushoto kabla tu ya jua, kikafyatuka vizuri, lakini alinasuka karibu na wavu kwa sababu nilimwinua haraka. Jua lilipotoka tukatoka mbele ya gati tukawaachia watu wa pale nafasi. Yule baba aliyetukemea mwaka jana alikuwepo, akatupungia mkono.

Mama Neema, nilikata mafuta yote na ule mstari wa kahawia. Nusu nimekuletea, iko kwenye friza kwa shemeji, nitapita kesho jioni baada ya kazi.

Dada wa Unguja, nina swali moja: kisahani cha kulia kilifyatuka chenyewe mara mbili bila samaki. Skrubu nimeilegeza mno, au ni J-Plug inayokivuta?

---

BintiUnguja

Hongera sana kaka! Nimefurahi kama nimemvua mie. Ni J-Plug. Inayumba kwa nguvu, inakifyatua. Kaza skrubu robo mzunguko tu, kisha ukishike kisahani mkononi na uuvute mshipi wa nyuma: uone kinakataa kidogo, halafu kinaachia. Kikiendelea, kwenye fimbo hiyo weka kile kisamaki chembamba, J-Plug zote mbili zipeleke nyuma moja kwa moja.