Gari kongwe uliyoifunga injini nyingine inachemka? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Machomane
Asalaam alaykum. Jana jioni nimemuona mtu kasimama mlimani karibu na kuingia Chake, huku Pemba, boneti juu, mvuke unamtoka kama chungu cha mihogo. Nikajiona mwenyewe. Yangu ni Corolla DX ya 1982. Ilikuja na injini ya 4K ya cc 1290, mimi nimeifunga 4A ya cc 1587, rejeta ya kupozea maji nimebakisha ile ile. Kwenye foleni sindano ya joto inapanda kidogo tu. Nikishika njia ya Mkoani na mwendo ukakolea, inapaa. Wota pampu mpya, mipira mipya. Gari ilikuwa ya marehemu baba, sitaki kuiuza. Wenye uzoefu semeni.

Fundi wa Amani
Toa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, basi. Kile kitu ni cha nchi za barafu. Kaskazi yetu hii inakitakia nini?

Mpita Njia Kinyasini
Kweli. Yangu haina themostati mwaka wa tatu huu.

Maalim Makanika
Fundi, kwa heshima yako, hapo unawapoteza watu. Kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba na njia ya pembeni, ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi na maji ya moto yanarudi ndani hayajapoa. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ikiwa imeandikwa nyuzi 82, ianze kufunguka karibu na hapo. Haifunguki, nunua nyingine.

Fundi wa Amani
Miaka ishirini nazitoa. Hajarudi mtu kulalamika.

Maalim Makanika
Hawarudi kwako. Wanakuja kwangu na hedi, kile kichwa cha injini, mkononi.

Baba wa Makangale
Jamani, mmenikumbusha usiku ambao mpaka leo nikisikia harufu ya sukari inaungua moyo unanienda mbio.

Hilux ya 1981, nimetoa injini ya petroli nimetia 2L ya dizeli. Saa tano usiku mke wangu kashikwa na uchungu. Nikampakia mbele, mama mkwe nyuma kwenye bodi, tunakwenda Wete. Kuingia msitu wa Ngezi sindano imegota juu. Nikapunguza mwendo. Mara ikaanza kushuka, ikashuka mpaka ikalala. Nikasema alhamdulillahi, imepoa. Kumbe mpira wa chini umepasuka, maji yote yamemwagika, na ile sensa ya joto iko hewani, haina maji ya kupima. Nikaenda hivyo hivyo mpaka injini ikaanza kugonga. Nikazima.

Giza totoro. Komba wanalia juu ya miti. Mke wangu kakamata dashibodi kwa mikono miwili, hasemi neno. Mama mkwe akashuka, akachana kanga yake kwa meno, tukaukaza mpira kwa kanga na juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji tuna chupa moja. Ikabidi tungoje chuma kipoe, maana ukitia maji baridi kwenye hedi ya moto unaipasua. Sijapata kungoja kama vile. Nyuma mlikuwa na madafu niliyoyaangua mchana. Nikayakata moja moja, namimina kwenye rejeta, mama mkwe ananimulikia kwa simu. Madafu kumi na mawili. Gari likanuka kama kashata.

Tukafika Konde, jirani mmoja akaamka akatuchukua kwa gari yake. Hedi ilikufa, imepata ufa baina ya valvu.

Bibie wa Wete
Ya Rabi! Mama na mtoto wazima?

Baba wa Makangale
Wazima wote, dada. Alizaliwa alfajiri ile. Binti yuko skuli, darasa la tano.

Mkaazi wa Jambiani
Madafu yana sukari na chumvi chumvi, yatakula aluminiamu na kuganda kwenye vijia vya rejeta. Yasikae humo hata siku mbili.

Bibie wa Wete
Mtu anahangaikia roho mbili msituni, wewe unamsomea chumvi!

Mkaazi wa Jambiani
Simlaumu, hata mimi ningeyatia. Nasema ukishafika, mwaga na usukutue. Na maji ya visima vyetu huku kwenye mawe si bora sana. Nilifungua rejeta yangu nikakuta gamba jeupe kama la birika, ukiligusa na bisibisi linabanduka vipande. Sasa nakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha nyumbani, nusu hayo, nusu kulanti, dawa ya rejeta.

Mpita Njia Kinyasini
Kifuniko cha rejeta nacho msikidharau. Kilichoandikwa 0.9, yaani presha kinayoishika, kikiwa kizima, maji yanasubiri mpaka kama nyuzi 118 ndiyo yachemke. Springi ikilegea yanachemka kwenye 100. Na usikifungue cha moto. Mimi ngozi ya mkono wa kulia ilitoka kama soksi.

Bibie wa Wete
Mume wangu anawasha hita na kushusha vioo. Tunaoga jasho, lakini tunafika.

Maalim Makanika
Hita inasaidia kweli, inavuta joto la injini. Ila kwenye injini za kupandikiza mafundi wengi wameikata mipira yake. Sasa wewe wa Machomane, tumekusahau. Feni yako ya mkanda au ya umeme?

Mtoto wa Machomane
Ya umeme, Maalim. Nimefunga mwenyewe, nyuma ya rejeta.

Maalim Makanika
Washa feni gari ikiwa imesimama. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele kwenye grili. Ikinata, feni inavuta. Ikiruka, umezigeuza waya na feni inasukuma upepo mbele. Ukiwa foleni hutajua sana. Ukikimbia, upepo wa njia na wa feni vinapigana na rejeta haipumui.

Mtoto wa Machomane
Imeruka mpaka miguuni kwangu.

Maalim Makanika
Badilisha waya. Na bado tafuta rejeta ya safu mbili, hiyo ya 4K ndogo kwa kazi uliyoipa.

Mtoto wa Machomane
Nimegeuza, karatasi imenata. Kesho baada ya sala ya alfajiri nashika njia ya Mkoani, nikirudi nitawaambia.

Fundi wa Amani
Na themostati uitoe.