F-35: Watu wamepigwa mchana kweupe na nyie mnapiga makofi

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Mwaka 2024 Lockheed Martin, kampuni ya Kimarekani inayounda ndege ya kivita ya F-35, walikabidhi F-35 110. Zote zilichelewa. Sisemi baadhi, nasema zote, kwa wastani wa siku 238 kila moja. Mwaka 2023 wastani huo ulikuwa siku 61, kwa hiyo hata hawajirekebishi, wanazidi kuharibu. Na katika kuchelewa kote huko serikali ya Marekani iliendelea kuwalipa bonasi za mamia ya mamilioni ya dola, zile bonasi ambazo kazi yake ni kumtia mkandarasi hamasa ya kukabidhi kazi kwa wakati! Msinirukie kwamba hii ni propaganda ya Mrusi. Imeandikwa na GAO, ambao ndio CAG wa bunge lao, ripoti ya Septemba 2025.

Halafu naingia humu nakuta watu wazima wanatukanana kutwa nzima kuhusu ndege ipi inakata kona kali zaidi. Jamani.

Hoja inayonikera kuliko zote ni hii: "F-35A siku hizi ni dola milioni 80 na ushee tu, hata F-15EX inaizidi bei." (F-35A ndilo toleo la kawaida, F-15EX ni ndege nyingine ya kivita ya Kimarekani.) Sawa, ila hiyo ni bei ya kuitoa kiwandani. Mbona hakuna anayetaja bei ya kuishi nayo? GAO haohao waliandika Aprili 2024 kwamba gharama ya kuzihudumia F-35 za Marekani katika maisha yake yote imepanda kutoka dola trilioni 1.1 mwaka 2018 hadi trilioni 1.58 mwaka 2023. Ongezeko la asilimia 44 ndani ya miaka mitano. Hapo hujagusa gharama ya kuzinunua, ukiijumlisha unavuka trilioni 2. Na wakati bili inapanda, jeshi la anga limepunguza saa za kuruka ilizopangiwa ndege moja kwa mwaka, kutoka 230 hadi 187. Yaani njia waliyoiona ya kubana matumizi ni kutoirusha ndege waliyoinunua ili iruke.

Kofia ya rubani peke yake ni karibu dola 400,000, na hutengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake. Hilo wala silisemi sana, maana kofia angalau inafanya kazi.

Tuje kwenye namba ambayo mashabiki hawaitaji kabisa. Machi 2023, kati ya F-35 zote za majeshi ya Marekani, zilizokuwa tayari kutumwa kazini zilikuwa takriban asilimia 55. Lengo lao lilikuwa asilimia 85 hadi 90. Kwa hiyo unaposoma kwamba nchi fulani ina F-35 mia, chukua kalamu ukate karibu nusu, hizo ni ndege hewa. Zimo kwenye vitabu, zimo kwenye hotuba za waziri, asubuhi ya vita zimelala hanga zikisubiri spea. Wakati huo vifaa zaidi ya 10,000 vilikuwa kwenye foleni ya kutengenezwa, kwa sababu karakana za jeshi zenyewe zilikuwa nyuma ya ratiba kwa miaka.

Kwa nini? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba msome taratibu. Mkataba wa ndege hii ulitolewa Oktoba 2001, na wakubwa wa Pentagon wakati ule hawakununua haki za michoro na taarifa za kiufundi. Walinunua ndege, maarifa ya kuitengeneza yakabaki kwa muuzaji. Ni sawa na kununua Fuso halafu ufunguo wa boneti abaki nao aliyekuuzia, na kila unapotaka kubadilisha oili umpigie simu na yeye ndiye anayepanga bei. Frank Kendall, alipokuwa waziri wa jeshi la anga, alisema wazi mwaka 2023 kwamba mpango ule ulizaa ukiritimba usio na mwisho. Waziri! Anasema hivyo, kisha anarudi ofisini kusaini oda nyingine, maana angefanya nini? Ndege mbadala hakuna, na walihakikisha haipo: F-22, ndege ya kivita ya Marekani iliyoitangulia, ilipangwa zijengwe 750, zikaishia 187 za kikosini na uzalishaji ukasimamishwa mwaka 2011.

Kuna na suala la injini. F135 ya Pratt & Whitney ni injini yenye nguvu kweli, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kila walipoongeza vifaa vya kielektroniki, joto liliongezeka, na mfumo wa kupooza unavuta hewa kutoka kwenye injini kuliko injini ilivyosanifiwa kutoa. Injini inachoka kabla ya wakati wake. Makadirio ya hasara hiyo kwa maisha ya mradi, kwa mujibu wa GAO Mei 2023, ni dola bilioni 38. Na bado wanataka kuongeza vifaa vingine!

Julai 2023 Pentagon wakagoma kupokea ndege mpya kwa sababu kompyuta na programu za toleo jipya, wanaloliita TR-3, hazikuwa tayari. Mwaka mzima ndege zinatoka kiwandani zinaegeshwa. Julai 2024 wakaanza kuzipokea zikiwa na programu pungufu, zinazofaa mazoezi, si vita. Mnunuzi mwenye akili timamu hapo anarudisha mzigo. Wao wakapokea, wakazuia sehemu ya malipo, maisha yakaendelea.

Mnakumbuka ile ya Kerala? Bahari hiihii yetu ya Hindi. Tarehe 14 Juni 2025, F-35B ya Uingereza iliyoruka kutoka manowari HMS Prince of Wales ilitua kwa dharura Thiruvananthapuram, mafuta yanapungua na hali ya hewa imechafuka. Ikapata hitilafu ya haidroliki. Ikakaa pale zaidi ya wiki tano! Wahindi wakawa wanapiga nayo picha, idara ya utalii ya Kerala ikaitengenezea tangazo la utani kwamba imepapenda mno haitaki kuondoka. Mafundi na vifaa vyao ikabidi vitoke Uingereza, ikaondoka tarehe 22 Julai. Mimi nilicheka kama wengine, ila jiulizeni: ingekuwa siku ya vita, na kile kiwanja si cha rafiki?

Walipa kodi wa Uswisi ndio wananiuma zaidi. Mwaka 2020 walipiga kura ya maoni kuhusu kununua ndege za kivita, ikapita kwa asilimia 50.1. Serikali ikachagua F-35, ndege 36, faranga bilioni 6, na wananchi wakaambiwa tena na tena kwamba bei imefungwa, haitapanda. 2025 Wamarekani wakawaambia hapakuwa na bei iliyofungwa, mlielewa vibaya. Nyongeza kati ya faranga milioni 650 na bilioni 1.3. Waswisi! Watu tunaoambiwa kila siku kwamba hawachezewi kwenye hesabu. Kanada nao ni hadithi ileile: ndege 88 zilitangazwa kwa dola zao bilioni 19, mkaguzi wao mkuu alipopitia vitabu Juni 2025 akakuta 27.7.

Sasa kabla hamjaanza kunibandika majina, niseme upande wa pili, maana sipendi uongo hata ukinifaa. Ndege hii ikiruka, inapiga. Israeli walipoishambulia Iran Oktoba 2024, na tena zile siku 12 za Juni 2025, F-35 zao zilikuwemo pamoja na F-15 na F-16, na hawakupoteza hata ndege moja yenye rubani. Anayebisha hapo anabisha kwa mapenzi tu. Ila hata hapo someni habari nzima. Alfajiri ya tarehe 13 Juni sehemu ya mitambo ya ulinzi wa anga ya Iran ilipigwa na droni ndogo zilizorushwa kutokea ndani ya Iran kwenyewe, na watu wa Mossad. Ndege ya mamilioni ilipitia mlango ambao droni za bei rahisi zilisaidia kuufungua. Hii sehemu kwenye video zenu haimo.

Na ile habari ya mwaka 2015 kwamba F-35 ilichapwa na F-16 kwenye mazoezi, iacheni sasa, inatuaibisha. Lilikuwa jaribio la programu ya usukani, kwa ndege ya mwanzo kabisa ya majaribio. Ndege hii haikujengwa kwa ajili ya kufukuzana, ilijengwa imwone mwenzake akiwa mbali na impige kabla hajajua kuna mtu. Kuna mambo ya kweli tele ya kuilaumu, hamna haja ya kuokota makombo.

Swali ni inampiga nani na kwa gharama gani. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2025 droni za Urusi karibu ishirini ziliingia Poland. F-35 za Uholanzi zikapanda, zikaangusha baadhi. Mitandao ikashangilia. Kati ya droni zile zilikuwemo za aina ya Gerbera, mwili wa povu na plaiwudi, nyingi zikiwa chambo tu za kuwachosha walinzi. Kombora moja la ndege kwa ndege ni mamia ya maelfu ya dola, saa moja ya F-35 angani ni makumi ya maelfu. Mpigieni hesabu anayerusha povu kila usiku, na anayejibu kwa mtindo ule, nani atafilisika kwanza. F-22, babu yao wote, ushindi wake wa kwanza wa angani ulikuwa tarehe 4 Februari 2023. Iliangusha puto. Puto la Mchina, sawa, lakini puto.

Wale wa Urusi msicheke sana. Su-57 yenu iliruka mara ya kwanza Januari 2010 na mpaka leo idadi yake haitishi mtu. Juni 2024 Ukraine wakaonyesha picha za satelaiti za moja iliyoharibiwa na droni ikiwa imeegeshwa Akhtubinsk, mamia ya kilomita kutoka uwanja wa vita. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni, droni 117 za Ukraine zilizofichwa kwenye vibanda vya mbao juu ya malori zikavamia viwanja vya ndege vya Urusi hadi Siberia. Ukraine walisema wamegonga ndege 41, makadirio ya Wamarekani yakawa kama nusu ya hizo. Chukueni hata hiyo ndogo. Ndege za kubeba makombora ya masafa marefu ziliungua chini, marubani wakiwa hawajafika hata kiwanjani.

Ya Rafale za India (ndege za Kifaransa) na J-10C za Pakistan (za Kichina), walipopigana Mei 2025, sitaki kuikorogea hapa, Wapakistani wana idadi yao na Wahindi wamekiri kupoteza ndege bila kutaja ngapi. Nitasema moja tu: walipigana kila mmoja akiwa upande wake wa mpaka, hawakuonana kwa macho. Kilichopigana pale ni makombora, rada na mawasiliano. Anayeleta mjadala wa umbo la mabawa hapo hajui anachozungumza.

Mtasema sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Uganda mwaka 2011 walinunua Su-30MK2 sita kutoka Urusi, katika mzigo wa silaha wa takriban dola milioni 740, fedha zikachotwa kwenye akiba ya Benki Kuu kwanza na bunge likaja kuidhinisha baadaye. Adui aliyewasumbua miaka yote hii ni ADF, watu wa porini upande wa Kongo wasio na hata parachuti. Wakenya mwaka huohuo waliingia Somalia na F-5, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1959, na kwa vile Al-Shabaab hawana ndege, kizee kile kilitosha kutupa mabomu. Sisemi F-5 ni bora, msinilishe maneno. Nasema Kampala ilinunua ndege ya vita ambayo haikuwa nayo.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini amenijibu kwamba ndege kali hununuliwa ili jirani aogope, kwamba hata isiporuka kazi imeshafanyika. Mkuu, jirani ana majasusi. Jirani anajua spea ziliagizwa lini na hazijafika, anajua marubani wangapi wamemaliza saa zao za mwaka. Ambaye hajui ni mbunge anayepitisha bajeti, maana akiuliza anaambiwa ni siri ya ulinzi. Kwa hiyo kabla hujanijibu tena, nitafutie kitu kimoja: kati ya zile Su-30 sita za Uganda, ngapi zinaweza kuwashwa na kupaa leo asubuhi? Ukikosa jibu Kampala, Wamarekani angalau wanachapisha la kwao, na ndiyo ile asilimia 55 ya mwaka 2023.