Mada: Kuelea kwenye tangi la maji ya chumvi, kwa wenye mgongo na wasiopata usingizi

Kutoka: Dada wa Kongwa, Leicester

Mbukwenyi ndugu zangu. Natunza wazee, shifti za usiku, na mgongo umenikaba. Mchana usingizi hauji. Nikijilaza tu, kichwa kinaanza kupiga hesabu: ada za wadogo zangu, kodi ya nyumba, makaratasi ya viza. Wenzangu kazini wamenichangia vocha ya kwenda kuelea kwenye tangi la chumvi, gizani, saa nzima. Sijui kuogelea, na nimesuka juzi tu. Kuna aliyewahi kwenda? Si mambo ya imani fulani haya?

Kutoka: Kaka wa Makole, Birmingham

Pole na kazi, dada. Mimi huenda kila nikimaliza msururu wa shifti nzito, na nakusihi uende.

Nianze na maji, maana najua woga uko hapo. Wengi wetu wa kanda ya kati tulikua tukiyajua maji ya ndoo na madumu, kuogelea tungejifunzia wapi? Tangi hilo lina kina cha sentimeta 30 hivi. Humo wameyeyusha chumvi ya haluli, ileile tuliyonyweshwa utotoni kusafisha tumbo, na inaweza kufika kilo 500. Wewe mtu wa Kongwa piga picha magunia matano ya mahindi pale sokoni Kibaigwa. Maji yanakuwa mazito mno, ukijilaza chali yanakuinua yenyewe, uso na kifua vinabaki juu. Hata ukipitiwa na usingizi, huwezi kujigeuza kifudifudi kirahisi. Mlango haufungwi kwa ufunguo, unausukuma tu. Taa unazima mwenyewe, na mara ya kwanza si vibaya ukiiacha inawaka.

Dakika za mwanzo zina usumbufu kidogo. Shingo ndiyo inayochelewa kukubali. Mgongo umeshalegea, miguu imeshalegea, lakini shingo bado inashikilia kichwa kana kwamba kitazama. Inua mikono, ilaze pembeni ya kichwa, viganja juu, halafu achia. Masikio yanaingia majini na unaanza kusikia pumzi yako, kisha moyo. Maji huwekwa kwenye nyuzijoto 35 hivi, karibu sawa na ngozi, kwa hiyo baada ya muda hujui tena mwili unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Wengine huona rangi au mwanga gizani. Usishtuke, ubongo umekosa cha kutazama tu. Muda ukiisha wanapiga muziki taratibu au wanawasha taa.

Kuhusu mgongo, niseme ninachokiona kwangu: siku hiyo na kesho yake nainama bila kushika ukuta, halafu kazi inaurudisha palepale. Uzito unaondoka kwenye uti wa mgongo, misuli inapata nafasi ya kuachia. Lakini kama una ganzi mguuni au maumivu yanashuka hadi kwenye unyayo, tangua miadi ya tangi, nenda kwa daktari kwanza.

Imani hakuna. Jambo hili lilianzia maabara, Marekani, mwaka 1954, daktari John Lilly alipotaka kujua ubongo unafanya nini ukinyimwa sauti na mwanga. Watu wengi hutafakari humo, wengine husali. Ni juu yako.

Sasa hizo hesabu za kichwani. Sisi wa Dodoma tuna tabu yetu: ukisema akili imechoka, mtu anakujibu "utapelekwa Mirembe," ile hospitali yetu ya magonjwa ya akili, basi unanyamaza. Tunanyamaza hadi huku ughaibuni, tunabeba boksi mchana na wasiwasi usiku. Linaniuma sana hili, maana Mirembe ni hospitali, na wanaopona pale ni wengi. Mwaka 2018 watafiti wa Tulsa, Oklahoma, walichapisha utafiti wao juu ya watu 50 wenye wasiwasi mkali. Baada ya saa moja ya kuelea, wasiwasi ulishuka kwa kiasi kikubwa. Walipima nafuu ya muda mfupi tu, si tiba ya kudumu. Kwa hiyo kaelee upumue, lakini kama usingizi umekukimbia wiki kwa wiki, mwambie daktari wako maneno haya haya uliyotuandikia sisi. Atakusikiliza.

Kutoka: Mjomba wa Nzuguni, Dodoma

Nimesharudi nyumbani lakini bado nawasoma. Mtu akitaka kufanya hivyo huku kwenye beseni la kuogea, inawezekana?

Kutoka: Kaka wa Makole

Shikamoo Mjomba. Kuelea haitawezekana, chumvi ya kiasi hicho utaitoa wapi, na maji yenyewe unayajua yanavyokuja kwa mgao. Loweka miguu kwenye karai la maji ya uvuguvugu jioni, inatosha kuburudisha. Wanaosema magnesi ya ile chumvi inapenya kwenye ngozi na kutibu kila kitu, ushahidi wao ni hafifu.

Kutoka: Shangazi wa Mpwapwa, Reading

Mmesahau nywele za mtoto! Na wenye maradhi je?

Kutoka: Kaka wa Makole

Shikamoo Shangazi, ahsante. Mwenye kifafa, figo, presha ya kushuka, kidonda kibichi au ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza asiingie kabla ya kumuuliza daktari. Mjamzito naye aulize.

Dada, usinyoe siku hiyo, chumvi itakuchoma. Mchubuko upake vaselini. Hina au rangi ya nywele ikiwa mbichi, ahirisha. Weka vizibo vya masikio kabla ya kuoga, masikio yakiwa makavu. Usijifute uso kwa mkono wenye maji yale. Macho yakiwasha, tumia taulo ndogo na maji safi wanayokuwekea karibu. Ukitoka utaona mabega yanapata unga mweupe, oga mara moja. Misuko haina shida, ila chumvi inajificha kwenye mizizi: suuza kwa muda mrefu, paka mafuta, na usifunge kilemba kabla hazijakauka.