Kulala Moshi, Marangu au ndani ya hifadhi? Ulinganisho kwa wanaotoka Tanga

Mkazi wa Chumbageni: Habari zenu wadau. Tuko wanne, mwezi wa nane tunapanda basi kutoka Tanga kwenda Hifadhi ya Kilimanjaro. Kileleni hatufiki, tunataka Mandara tu, kituo cha kwanza cha vibanda kwenye njia ya Marangu, tukipanda na kushuka siku hiyohiyo au tukilala huko usiku mmoja. Tukae wapi?

Njia ya Segera: Marangu. Kutoka Tanga, basi likishapita Same na Mwanga linaingia Himo kabla ya Moshi. Shukeni hapo njia panda. Mwambieni konda tangu mnapanda, asije akafukia mizigo yenu chini ya ile ya watu wa Arusha. Himo mnapata gari dogo hadi Marangu Mtoni, na lango la hifadhi liko kama kilomita 5 juu yake. Mkilala Moshi, kesho yake mnarudi Himo kwa barabara ileile. Lango hadi Mandara ni kilomita 8, mwendo wa saa tatu hadi nne kupanda, na usajili nao una foleni yake. Mvua ya msituni hupenda kushuka mchana, kwa hiyo anayeanza kutembea saa tano itamkuta njiani.

Binti Raskazone: Sikubaliani moja kwa moja, kaka. Wana makoti na buti? Kama hawana, Moshi ndiko kwenye maduka ya kukodisha, benki na maduka ya dawa, na nyumba za wageni za bei nafuu hazikosekani. Buti lijaribiwe na soksi nene, kisha mtu ashuke nalo ngazi. Vidole vikigonga mbele, achukue namba kubwa zaidi, maana kucha huumia wakati wa kushuka, si wa kupanda. Marangu nako ulizeni kama bei ni ya chumba au ya kichwa, na kama chai ya asubuhi imo.

Upepo wa Pangani: Watu wa pwani tuangalie baridi kwanza. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Moshi iko mita mia nane na kitu, lango la Marangu karibu 1,870, Mandara 2,720. Yaani mkilala karibu na lango, usiku una baridi ya kutosha, na mwezi wa nane haujaisha kipupwe. Kabla ya kulipia chumba pitisheni mkono chini ya godoro. Kukiwa na unyevu, au ukutani kuna ukungu mweusi, tafuteni kwingine: nguo zilizolowa hazitakauka humo. Maji ya kuoga yanapashwa kwa kuni au umeme? Umeme ukikatika, wa kuni ndio watakaooga.

Njia ya Segera: Hilo la godoro ni muhimu sana.

Mzee wa Ngamiani: Wanangu, ndani ya hifadhi hakuendwi kwa kubahatisha. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda. Machame, Lemosho, Umbwe na Rongai ni mahema. Mandara mnakuta vibanda vya mbao, vitanda na magodoro. Mifuko ya kulalia na chakula ni vyenu. Nafasi huwekwa mapema, mwongozaji awe na leseni, na malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, si noti mkononi. Kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Faida ya kulala huko ni kreta ya Maundi, yaani shimo la volkano ya zamani, mwendo wa kama robo saa kutoka vibandani: asubuhi mnaiona kabla mawingu hayajapanda. Wa kwenda na kurudi mara nyingi huikosa kwa kukimbizana na saa.

Mkazi wa Chumbageni: Shikamoo mzee, asante. Na siku ya kurudi tudakie basi Himo?

Binti Raskazone: Hapana. Mkishuka jioni mabasi ya Tanga yameshapita, na la kesho yake linaweza kufika Himo limejaa. Usiku huo laleni Moshi, mkate tiketi stendi na mpandie hapohapo. Kwenda Marangu, kurudi Moshi.